Miaka 46, presha kidogo na ndoto ya Kilimanjaro: niende au niache?

MwalimuRamani

Wakuu habari zenu, shikamooni wale mnaostahili. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliowahi kupanda Mlima Kilimanjaro au mnaofanya kazi kule, maana huku kwangu kila ninayemuuliza ananishangaa tu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari, mkoa wa Singida, mwanamke, miaka 46, watoto watatu, wa mwisho yuko form two. Toka nimeanza kazi kila mwaka lazima nifike kwenye topiki ya volkano, nachora ubaoni Shira, Kibo na Mawenzi, nawaeleza watoto kwamba ile ni milima mitatu iliyoungana, kwamba Kibo ndo ndefu, mita 5,895, kwamba kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nyuzi 0.6, kwamba unaanza na msitu wa mvua unakuja vichaka unakuja jangwa la baridi halafu ndo barafu. Nafundisha vizuri na wanafaulu. Ila mlima wenyewe nimeuona kwenye dirisha la basi tu, tunapita Boma Ng'ombe tunaenda msibani Same, na wingu lilikuwa limeukalia hata sikuona kitu cha maana.

Hii kitu ninayo toka darasa la nne. Mwalimu wetu alitusimulia usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha bendera na mwenge wa uhuru kule juu, na akatukaririsha yale maneno ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1959, "sisi tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu". Nikasema moyoni na mimi nitafika pale. Nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikajenga, na kila mwaka nasema mwakani. Sasa nimeanza kuogopa hiyo mwakani, kwanza kwa ajili yangu na pili kwa ajili ya barafu yenyewe, maana kuanzia 1912 hadi 2007 asilimia kama 85 ya barafu ya pale imeshapotea na UNESCO walishasema 2022 kwamba ikifika 2050 huenda isiwepo kabisa. Nataka niione kwa macho yangu ingali ipo.

Yanayonitatiza ni haya. Nina presha, natumia kidonge kimoja asubuhi na imetulia. Sijawahi kufanya mazoezi ya kueleweka zaidi ya kutembea kwenda kazini. Hela ninayo, nimeiweka kwenye kikoba kidogo kidogo, haijagusa ada ya mtu, lakini shemeji zangu wamesikia wakaja juu kwamba mwanamke mzima unaenda kutupa hela mlimani urudi na nini. Mume wangu yeye kasema kama ndo unachotaka nenda, ila uende ukijua unachoenda kufanya. Kwa hiyo nauliza, kwa mtu kama mimi inawezekana? Njia ipi? Na kwa moyo wenu kabisa, hiyo hela ni sawa kuitumia hivyo?

Mgumu_wa_Marangu

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwongozaji, nimeanzia chini kabisa kama mpagazi, sisi wenyewe tunaitana wagumu, nikapanda hadi nikapata leseni, kwa hiyo nitakujibu ninachokijua kwa miguu yangu.

Swali la kwanza, inawezekana. Kilimanjaro si mlima wa kamba na shoka la barafu kwa njia hizi za kawaida, ni mlima wa kutembea. Nimepandisha watu wazima kuliko wewe na nimeshusha vijana wa gym wenye vifua hivi wakiwa wanatapika. Kinachoangusha watu kule ni haraka. Kijana anataka kuonyesha nguvu siku ya kwanza msituni, anatupita, siku ya tatu kichwa kinampasuka. Mtu wa umri wako akiambiwa pole pole anaelewa, hashindani na mtu.

Sasa njia. Kwa wewe kama hupendi kulala kwenye hema nenda Marangu, ndo njia yenye vibanda, unalala kitandani, godoro lipo. Utaipenda kama mwalimu maana vituo vimejipanga, Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, yaani kila kituo na kingine wamepishana mita 1,000 kamili. Ila sikiliza vizuri hapa, watu wengi wanachukua Marangu ya siku tano kwa sababu ni nafuu, na hapo ndo wanapofeli. Chukua siku sita. Ile siku ya ziada unakaa Horombo, mnatembea hadi kwenye yale mawe yenye mistari kama pundamilia, mnafika kama mita 4,000 hivi, mnarudi kulala chini. Mwili unajifunza hewa. Hiyo siku moja ndo hela yako ya maana kuliko zote utakazolipa. Ukiwa na uwezo zaidi na hema si tatizo, Lemosho ya siku nane ni nzuri sana kwa kuzoea, unaingilia magharibi unapita Shira yenyewe, hiyo uliyokuwa unachora ubaoni.

Usiku wa kilele nikuelezee usije ukashtuka. Mnafika Kibo mchana mmechoka, mnakula, mnalala jioni kidogo, usingizi hauji vizuri hiyo ni kawaida. Kama saa tano usiku mnaamshwa, chai na biskuti, saa sita mnaondoka na taa za kichwani. Ni giza na baridi, nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri kutegemea na upepo, na chini ya mguu ni kokoto laini, unakanyaga unarudi nyuma nusu hatua. Mnakwenda zigizagi. Mnapita pango la Hans Meyer mnapumzika dakika chache tu maana ukikaa unaganda. Baada ya hapo ndo pagumu hasa, hadi Gilman's, mita 5,685. Ukifika pale jua linakaribia kutoka nyuma ya Mawenzi, unaiona Mawenzi iko chini yako, na barafu inaanza kuonekana. Kutoka Gilman's unazunguka ukingo wa kreta, unapita Stella, halafu Uhuru, ndo kilele chenyewe. Hewa pale ni kama nusu ya ile ya pwani. Utatembea hatua kumi unasimama unahema, hatua kumi unasimama. Ni sawa, wote tunafanya hivyo.

Vitu vidogo vinavyosahaulika, chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi maana maji yanaanza kuganda juu, ukiigeuza mdomo hauzibi. Simu weka ndani ya jaketi karibu na mwili, ukiiacha nje chaji inaisha kwa baridi hata picha hupigi. Na usinunue vifaa vyote, pale Moshi vinakodishwa, jaketi zito, slipingi begi, fimbo, glavu, suruali ya kuzuia upepo. Nunua buti tu, tena mapema, uzivae mpaka zikuzoee.

Kuhusu kampuni ni lazima, hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Wewe ni raia, viingilio vya hifadhi kwa mwananchi ni vya shilingi na viko chini mbali sana na vya mgeni, kwa hiyo uwaambie mapema kabisa kwamba ni Mtanzania na kitambulisho cha NIDA uende nacho. Na ombi langu kama mtu wa kazi, ulizia wapagazi wanalipwa vipi na wanakula mara ngapi. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20 na unapimwa getini. Kampuni ikikupa bei ya chini kupita kiasi, ujue kuna kijana huko nyuma anayelala njaa ili wewe upande.

BabaWawili_Moro

Dada samahani mimi nitakuwa tofauti na wenzangu na sisemi kwa ubaya. Shemeji zako wasikilize kidogo. Miaka 46 kwa mtumishi wa serikali ni muda wa kuangalia kustaafu, hiyo hela ungeongezea kiwanja au ungefungua duka la stationery hapo karibu na shule, kila siku lingekuwa linakuingizia. Mlima utabaki pale pale na picha zake zipo. Nimemwona baba yangu mdogo alivyostaafu hana kitu mkononi, alikuwa mtu wa safari na starehe zake, akaja kuishi kwa kuombaomba watoto, inauma kuona. Ndoto ni nzuri lakini kwa sisi watu wa hali ya chini ndoto lazima ilete kitu mezani. Na hiyo presha ndo usiseme, unaenda kutafuta matatizo kwa hela yako mwenyewe. Ni mawazo yangu tu dada, usinichukie.

Nesi_Tabora

Mwalimu pole na hongera. Mimi ni muuguzi, naongelea afya tu, hayo ya hela wengine watasema.

Presha iliyotulia kwa dawa peke yake haimzuii mtu kupanda, ila presha isiyotulia ndo hapana. Nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla, usiende siku mbili kabla, mwambie wazi kwamba unaenda mita 5,895 na umwonyeshe kidonge unachotumia, maana dawa za presha si zote sawa, zipo zinazozuia moyo usiende mbio na kule juu moyo unatakiwa uende mbio, zipo za kukojoza na kule unapoteza maji mengi hata bila dawa. Yeye ndo ataamua aibadilishe au aiache. Usiache dawa mwenyewe eti kwa sababu unaenda mlimani. Mwombe akupime na ECG, kile kipimo cha mapigo ya moyo, na wingi wa damu.

Kingine ambacho watu hawakiongelei na kwetu ni muhimu sana, sickle cell, yaani seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa wenyewe hatakiwi kwenda juu vile, na hata mwenye kubeba kinasaba tu bila kuumwa aongee na daktari kwanza, kwa sababu hewa ikiwa pungufu bandama linaweza kupata shida. Kama hujawahi kupima, pima. Ni kipimo cha kawaida tu.

Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Wengine wanaimeza kama pipi kwa kuambiwa na rafiki. Usifanye hivyo, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru au kama kidonge chako cha presha nacho ni cha kukojoza, muulize daktari.

Na dalili uzijue wewe mwenyewe, usimwachie mwongozaji peke yake. Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, hayo yanawapata wengi, unakunywa maji unapumzika. Ila ukiona unahema ukiwa umekaa tu, au unakohoa na kifua kinakoroma, hapo mapafu yanaingia maji. Ukiona unapepesuka kama mlevi, ukiambiwa tembea kwenye mstari ulionyooka huwezi, au unaanza kuongea vitu havieleweki, huo ni ubongo umevimba. Dawa ya hayo mawili ni moja tu, kushuka, na kushuka wakati huo huo hata kama ni saa nane usiku. Hakuna kusubiri kukuche. Ile hali ya watu kuficha kwamba wanaumwa kwa sababu wamelipa hela na wanataka kufika ndo inayoua, naomba sana usiwe mmoja wao.

MwalimuRamani

Nesi asante sana, sickle cell sikuwahi kuifikiria kabisa, Jumatatu naenda kupima.

Kaka BabaWawili sijachukia hata kidogo, najua unasema kwa kunihurumia. Ila naomba nikujibu. Kiwanja ninacho, nyumba ninayo ya vyumba vitatu imeezekwa, michango yangu ya mfuko wa pensheni, PSSSF, inakatwa kila mwezi, na watoto wanasoma. Vyote hivyo nimevifanya kwa moyo mmoja. Lakini nikikaa nikijiuliza ni kitu gani maishani nimekifanya kwa sababu mimi nilikitaka, nje ya kwamba ni mke wa mtu au mama wa mtu au mwalimu wa watu, sikioni. Kuna hiki kimoja tu. Kama kila ndoto lazima ilete kitu mezani, basi sisi tutaishi na kufa tukiwa watu wa meza tu. Na darasani ninao watoto wa kike wanaoniangalia. Kila mwaka nawaambia hili ndo paa la Afrika, wageni wanatoka Ujerumani na Marekani kulifuata, na wao wananiuliza madam wewe umefika? Nawajibu bado. Nimechoka kuwajibu bado.

Kijana_wa_Kahama

Madam mimi sikufika Uhuru na bado nasema nenda. Nakuelezea ili ujue na upande huu.

Tulienda kikundi, ile ya kuelekea sherehe za uhuru mwezi wa kumi na mbili, mvua ilitunyeshea msituni nguo zikalowa, lakini moyo ulikuwa juu. Mpaka Horombo mimi nilikuwa mzima kabisa, hata mtandao upo pale siku hizi, nikampigia mama video akaona mawingu yako chini yetu akaanza kulia. Kibo nikaanza kusikia kichwa. Usiku tukapanda, nikatapika karibu na lile pango, nikasema ni kawaida, nikatapika tena. Nilipofika Gilman's nilikaa kwenye jiwe na mwongozaji akaniuliza maswali, jina la mama yako nani, umetoka mkoa gani, leo siku gani. Hilo la siku nikaanza kufikiria, nikashindwa kulijibu haraka. Akaniambia kijana umemaliza, tunashuka. Nilimbishia, nikamwambia nimelipa hela yangu, nikamwomba, nikalia kabisa. Akanishika mkono akanigeuza. Nilivyofika Horombo kichwa kikaacha kama mtu kazima swichi, nikala wali sahani mbili.

Sasa hapo ndo nataka kusema. Nilikaa muda nikiona nimeshindwa, mpaka nilipokuja kusoma habari za huyo Hans Meyer ambaye vitabu vinamtaja kwamba alifika kileleni Oktoba 1889 pamoja na mwenzake Purtscheller. Kumbe 1887 alikuja akaishia kwenye barafu akarudi, 1888 akaja tena hata mlimani hakufika, vita vya Abushiri, vile vya watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, vikamkuta njiani akatekwa. Ile ya 1889 ilikuwa mara ya tatu. Na wenyeji wa Marangu walikuwa naye, mzee Yohani Kinyala Lauwo anatajwa kuwa mmoja wa walioongoza safari ile akiwa bado kijana. Kwa hiyo madam ukifika Gilman's ukageuzwa usijione hufai, hata cheti wanatoa kwa waliofika pale. Panga hela yako na akili yako ukijua kwamba kugeuzwa kupo. Mimi nakusanya tena, na safari hii nachukua njia ndefu.

Loitoktok254

Sasa mwalimu, salamu kutoka Kenya. Mimi nimezaliwa Loitoktok, huu mlima wenu nimeuona kila asubuhi nikipeleka ng'ombe malishoni, sisi tunauona vizuri kuwaliko nyinyi wa upande wa Moshi kwa sababu huku mawingu ni machache. Wewe utajua hiyo sababu kuniliko, upepo wa mvua unatoka baharini unamwaga kusini, huku kwetu ni kivuli cha mvua.

Nilikuwa na ndoto kama yako na watu wa kwetu wakaniuliza vile vile, utapata nini huko juu. Nikaanza na Mlima Kenya, pale Lenana, mita 4,985, nikajua mwili wangu unafanya aje kwa baridi na hewa nyembamba. Ndio baadaye nikaenda Kilimanjaro kwa njia ya Rongai, inaanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka, ni kavu, watu si wengi, inapanda polepole. Sisi raia wa Jumuiya tunalipa kama nyinyi so haikuniumiza mfuko sana. Ushauri wangu ni huo, usifanye Kilimanjaro iwe mlima wako wa kwanza. Hapo Singida hamna mlima karibu?

Mgumu_wa_Marangu

Huyu ndugu wa Loitoktok kasema la maana sana. Mwalimu uko Singida, una Hanang hapo jirani! Unaenda Katesh, mita 3,420 hivi, ni mlima wa nne kwa urefu kama sikosei kwa volkano zetu, na ni wa kupanda na kushuka siku moja ndefu ukianza alfajiri, au unalala juu siku mbili. Chukua mwenyeji wa kukuongoza. Hanang ina mteremko mkali kweli kweli, ukiimaliza bila magoti kulia ujue Marangu utaiweza. Ila subiri ardhi ikauke, usiende msimu wa mvua, tuliona maporomoko ya tope yaliyotokea Katesh Desemba 2023.

Mazoezi mengine ni ya kawaida. Tembea, tena tembea na begi mgongoni lenye kilo chache, jioni baada ya vipindi, mara nne kwa wiki, na Jumamosi moja ndefu ya saa tano sita. Hapo Singida mna yale majabali, panda shuka. Zoezi la kushuka watu hawalifanyi na ndo linalotesa, maana siku ya kilele ukitoka Uhuru hulali pale, unashuka hadi Horombo siku hiyo hiyo, ni zaidi ya mita 2,000 za kushuka na usiku hukulala.

BabaWawili_Moro

Dada nimesoma majibu yako na ya huyu kijana. Sikujua kama nyumba na mafao umeshaweka sawa, nilidhani unachukua mkopo. Kama ni hivyo mimi sina neno, nenda kwa amani. Ila ukate bima ya safari inayokubali huo mwinuko na uwaachie nyumbani namba ya kampuni na ya mwongozaji, hilo tu naomba.

MwalimuRamani

Nimefarijika sana jamani. Nilikuja hapa nikiwa nimejiandaa kuambiwa niache.

Nimeongea na mume wangu jana usiku tumepanga hivi. Kwanza hospitali, nipime na hiyo sickle cell na moyo. Halafu naanza kutembea wiki hii hii, kuna mwalimu mwenzangu wa michezo kakubali kunisindikiza na kakubali twende wote Hanang, tutaenda mvua zikishaisha kabisa. Kilimanjaro nitaenda likizo ya mwezi wa sita, sio hii inayokuja, ile ya mwakani, ili mwili upate muda na hela iongezeke ya ile siku ya ziada Horombo na ya wapagazi. Safari hii "mwakani" ina tarehe, nimeshaandika kwenye kalenda ya jikoni na watoto wameiona. Marangu siku sita. Nikigeuzwa Gilman's nitageuka.

Binti yangu wa form two kaniuliza kama na yeye anaweza kuja. Nimemwambia hii ni ya mama, yake ataipanga mwenyewe na mimi nitamsaidia kuchanga. Amenuna kidogo halafu akaanza kunitafutia bei za buti kwenye simu, ndo namuulizia hapa, Mgumu, buti niongeze saizi au nichukue ile ile ninayovaa? Mimi navaa 39.

Mgumu_wa_Marangu

Chukua 40 mwalimu, utavaa soksi mbili, moja nyembamba ndani na moja nzito ya sufi juu, na ukishuka vidole vinasukumwa mbele, buti ikikubana kucha zinakuwa nyeusi. Kata kucha za miguu siku moja kabla hujaingia getini. Buti iwe inashika kifundo cha mguu, soli ngumu isiyokunjika kirahisi. Pale soko la Memorial, Moshi, utapata mtumba mzuri kwa bei ya kueleweka, ila kagua gundi ya soli kwa kuikunja, nyingi zimekaa sana zinaachia katikati ya safari. Ukishapata matokeo ya hospitali niandikie inboksi nikupe orodha nzima ya vya kukodi, tena usije mwezi wa sita mwanzoni, njoo katikati kwenda mwishoni, njia inakuwa imeshakauka msituni.